Vihisi vya Kuvaa na Msongo wa Joto kwa Ng'ombe: Mwongozo Kamili wa Kuvifunga, Kuvihakiki na Kuvitumia

Hali hii inajirudia mno. Mfugaji anawafunga ng'ombe wake kola kumi za shingoni zenye vihisi. Wiki ya kwanza simu inalia mara thelathini kwa siku, wiki ya pili anazima mlio, na wiki ya tatu ng'ombe anayeongoza kwa maziwa anakutwa amelegea, ulimi nje, ilhali kola yake imekuwa ikionyesha mabadiliko tangu juzi.

Mara nyingi kifaa chenyewe ni kizima. Kinachokosekana ni kazi ya kufanywa kati ya siku ya kukifunga na siku ya kuanza kuamini tahadhari zake. Kihisi hakipimi msongo wa joto, yaani mwili kulemewa na joto. Kinapima mtikisiko wa shingo, au joto la mahali kilipo, au sauti ya kucheua. Kusema kwamba huo ni msongo ni hitimisho, na huwezi kulifikia kabla hujamjua mnyama huyo akiwa mzima na kulinganisha kifaa na pumzi zake mwenyewe.

Mwongozo huu unamlenga ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa yeye huumia mapema kuliko wengine. Mbuzi, kondoo na nguruwe wana sehemu yao fupi baadaye.

## Vitu vya kuandaa

- Vihisi vya kuvaa. Kwa kundi la ng'ombe 40, anza na 6 hadi 8. Usivishe kundi zima kabla hujajifunza kusoma hao wachache.
- Kihisi cha joto na unyevunyevu wa hewa, angalau kimoja kwa kila banda.
- Kipokezi cha mawimbi na antena yake, pamoja na betri ya akiba.
- Kipimajoto cha kidijitali cha mifugo, mafuta ya kulainisha na glavu.
- Saa inayoonyesha sekunde. Simu inatosha.
- Spiriti au ayodini, pamba, na koleo ya kubania hereni. Kama utatumia bolasi (kihisi kinachomezwa na kukaa tumboni), mrija wa kumezeshea.
- Ndoo ya lita 20, kopo lenye mfuniko unaobana sawasawa, na chumvi ya kawaida nusu kilo. Hivi ni vya majaribio.
- Daftari moja la karatasi linalokaa bandani.
- Kivuli, maji ya kutosha na njia ya kupuliza hewa. Kama hivi havipo, vianze hivi. Tahadhari isiyo na la kufanyiwa haimpoozi ng'ombe.

Kabla ya kulipia mfumo wowote, uliza maswali mawili. Je, unaweza kupakua vipimo vyenyewe vya kila dakika 10 hadi 15, au unapewa rangi ya kijani na nyekundu tu? Na mtandao ukikatika, kifaa kinahifadhi vipimo kwa saa ngapi? Mfumo unaoficha vipimo vyake hauhakikiki, na usiohakikika utaishia kuuzima.

## Hatua ya 1: Chagua kihisi kwa kazi unayotaka

Bolasi humezwa na kutulia kwenye tumbo la pili kwa uzito wake. Ndiyo inayokaribia joto la ndani la mwili kuliko vifaa vingine. Ina mambo mawili ya kuzoea. Husoma juu ya kipimajoto cha njia ya haja kubwa kwa takriban nusu nyuzi, kwa sababu uchachukaji wa malisho tumboni hutoa joto. Pia, ng'ombe akinywa maji, usomaji huporomoka ghafla na huchukua kati ya nusu saa na zaidi ya saa mbili kurudi, kutegemea kiasi na ubaridi wa maji.

Kola husoma mtikisiko wa shingo na taya: kula, kucheua, kutembea, na kwa baadhi ya mifumo kutweta. Haikupi joto la mwili. Ila hukuonyesha mnyama ameacha kufanya nini, na hilo huja mapema. Ng'ombe mzima hucheua kwa wastani saa 7 hadi 8 kwa siku, na joto likimzidi huo ni muda wa kwanza kupungua.

Hereni ya sikio yenye kihisi ni nyepesi na rahisi kufunga. Joto inalosoma ni la ngozi ya sikio, na sikio hufuata jua, upepo na mvua. Usiichukulie kamwe kama joto la mwili. Itumie kwa mwendo na kucheua.

Kifaa cha mguuni hupima kulala na kusimama. Ng'ombe mwenye joto husimama zaidi kwa sababu akisimama hewa humgusa sehemu kubwa ya mwili. Ukiona muda wa kulala, ambao kwa kawaida ni saa 10 hadi 13 kwa siku, umeshuka kwa saa mbili au tatu kwa kundi zima, tayari unajua mengi.

Kama uwezo unaruhusu aina moja tu na una ng'ombe wanaokamuliwa, chukua kola. Kama una wawili watatu wa thamani kubwa mno, waongezee bolasi.

## Hatua ya 2: Chagua ng'ombe wa kuvaa

Wanyama wa kwanza kuumia ndio wanaofaa kuwa walinzi wa wengine. Chagua wenye maziwa mengi, kwa kuwa kutengeneza maziwa kwenyewe huzalisha joto mwilini. Chagua pia wenye rangi nyeusi kama wanakaa juani, wanene, na waliozaa karibuni.

Waliokaushwa husahaulika kwa kuwa hawatoi maziwa ya kupima. Wawekee angalau kifaa kimoja. Joto la wiki za mwisho za mimba hupunguza maziwa ya mzao unaofuata na humwathiri ndama tumboni, na wakati hasara inaonekana, sababu imeshasahaulika.

Ongeza mnyama mmoja mtulivu, mwenye afya na maziwa ya wastani. Huyu ni wa kulinganishia.

## Hatua ya 3: Jaribu kila kifaa mezani

Hatua hii huchukua siku moja na wengi huiruka. Kwa bolasi, kuiruka ni kosa lisilo na marekebisho, maana ikishamezwa haitoki.

1. Amsha kifaa. Vingi hutoka kiwandani vikiwa vimelala na huamshwa kwa kuondoa sumaku au kubonyeza kitufe. Usiende bandani kabla hujaona vipimo vyake kwenye programu.
2. Hakiki joto la bolasi. Weka maji ya nyuzijoto 39 kwenye chombo kinachotunza joto, zamisha bolasi pamoja na kipimajoto, funika, na subiri dakika 30. Tofauti ikizidi nyuzi 0.2, iandike kama marekebisho ya kifaa hicho. Ikizidi 0.5, kirudishe ulikonunua.
3. Hakiki unyevunyevu. Weka chumvi kwenye kizibo, idondoshee maji hadi iwe kama mchanga mbichi, si majimaji. Iweke ndani ya kopo pamoja na kihisi cha hewa bila kugusana, funga kabisa, acha usiku kucha mahali pasipobadilika joto. Kihisi kinapaswa kusoma karibu asilimia 75. Kikisoma 82, jua kinazidisha 7.
4. Panga saa. Angalia kama mfumo unaandika saa za eneo lako au saa ya dunia, UTC. Kama ni UTC, kilele cha joto kitaonekana kimehama, na utamhukumu ng'ombe kwa saa ambazo si zake.

Kuhusu saa, weka sheria moja bandani: daftari liandikwe kwa saa 24. Mfanyakazi anaandika "saa 8", programu inaonyesha 08:00, na mtu anayekagua anaona ng'ombe alitweta asubuhi wakati ilikuwa saa nane mchana. Andika 14:00.

## Hatua ya 4: Weka kihisi cha hewa na ukokotoe THI

Kihisi cha hewa kikae kwenye urefu wa mgongo wa ng'ombe, takriban mita 1.5, ndani ya banda au chini ya kivuli wanachotumia, kikiwa na kifuniko chenye matundu ya kupitisha hewa. Kisigongwe na jua, kisinyunyiziwe maji, na kisibandikwe chini ya bati, kwa kuwa bati la mchana hukifanya kisome joto la bati. Utabiri wa hewa wa simu haufai kazi hii, maana haujui banda lako lina upepo au halina.

Kutokana na vipimo viwili, joto (T, kwa selsiasi) na unyevunyevu (U, kwa asilimia), pata faharasa ya joto na unyevunyevu, THI:

THI = (1.8 × T + 32) − (0.55 − 0.0055 × U) × (1.8 × T − 26)

Mfano: T ni 30, U ni 60. Sehemu ya kwanza ni 86. Mabano ya pili ni 0.22, ya tatu ni 28, na 0.22 × 28 ni 6.16. THI ni 79.84, yaani karibu 80. Kwa joto lilelile la 30, unyevunyevu ukiwa 30 unapata 75, na ukiwa 80 unapata 83. Ndiyo maana kipimajoto cha ukutani peke yake hakitoshi.

Kosa la kawaida ni kuingiza 0.6 badala ya 60. Jibu linakuwa 71 badala ya 80, na unaamini kundi liko salama huku linaungua.

Kwa ng'ombe wenye maziwa mengi, athari huanza THI ikifika 68. Kiwango cha zamani cha 72 bado kinafaa kwa wenye maziwa ya wastani. Kuanzia 80 hali ni nzito. Zebu (ng'ombe wenye nundu) na chotara wao huvumilia zaidi, kwa hiyo kwao anza na 72 kisha urekebishe kwa unachokiona.

THI haihesabu mionzi ya jua wala upepo. Kwa wanyama wanaoshinda malishoni bila kivuli, hali halisi ni mbaya kuliko namba inavyosema.

## Hatua ya 5: Simika kipokezi na upime mawimbi

Funga kipokezi mita 4 hadi 6 kutoka ardhini, antena ikiwa wima na mbali na bati kwa angalau mita moja. Bati na nondo hurudisha mawimbi, na mwili wa ng'ombe, ambao sehemu kubwa ni maji, huyameza. Mifumo ya masafa ya chini, kama ile ya LoRa (redio ya kutuma vipimo mbali kwa umeme kidogo) ya megahezi 868 au 915, hupenya mwili kuliko ya gigahezi 2.4.

Usipime kwa kuinua kola juu kama bendera. Ishike kifuani, geuka ili mwili wako uwe kati yake na kipokezi, kisha tembea: kwenye hori, birika la maji, pembe ya mwisho ya zizi, sehemu ya kukamulia. Simama dakika kadhaa kila mahali na uandike kama vipimo vimefika.

Kwa bolasi, tumia ndoo. Jaza lita 20 za maji, koroga gramu 180 za chumvi, yaani gramu 9 kwa lita, kiasi kinachokaribia chumvi ya majimaji ya mwili. Ning'iniza bolasi katikati ya maji kwa uzi na weka ndoo pale wanapolala ng'ombe. Isiposikika kutoka kwenye ndoo, haitasikika kutoka tumboni.

Umefaulu kama kila kifaa kinafikisha angalau vipimo 9 kati ya 10 kwa siku nzima. Chini ya hapo, hamisha au ongeza kipokezi kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 6: Mvishe mnyama

Fanya asubuhi na mapema, kabla ya jua kali. Mnyama aliyebanwa na kuhangaika mchana wa joto unaweza kumwangusha wewe mwenyewe.

Kola: kihisi kikae upande na sehemu ya shingo iliyoelekezwa na mtengenezaji, na uzito wa kola uwe chini ya koo ili isizunguke. Kiganja kilichonyooka kipite kati ya kola na shingo bila kulazimisha. Ikilegea zaidi, kihisi kinapiga shingo kila hatua na mfumo unahesabu mtikisiko huo kama kula. Ikibana, manyoya yanatoka na kidonda kinaanza. Mtamba anayekua akaguliwe kila wiki mbili.

Hereni: safisha sikio na koleo kwa ayodini. Toboa sehemu ya kati ya sikio, kati ya mikunjo miwili ya gegedu, ukikwepa mishipa ya damu, ambayo utaiona ukimulika sikio kwa nyuma. Epuka majira ya nzi wengi. Kagua kila siku kwa siku kumi: uvimbe, usaha au harufu ni dalili za kutibiwa.

Bolasi: imezeshwe na daktari wa mifugo au mtu aliyefundishwa, kwa mnyama aliyefikia uzito uliotajwa na mtengenezaji. Kichwa kiwe katika mstari wa kawaida na mdomo uinuliwe kidogo tu, maana kichwa kikivutwa juu sana njia ya hewa hufunguka na koromeo linaweza kujeruhiwa. Mrija upite nyuma ya kilima cha ulimi, achia, na usubiri kumwona anameza. Usisukume kwa nguvu.

Papo hapo, kabla hujamfungulia, andika namba ya mnyama na namba ya kifaa mstari mmoja, kisha piga picha inayoonyesha zote mbili. Vifaa vilivyobadilishana wanyama ni kosa baya kuliko betri iliyokufa. Betri iliyokufa inaonekana, ila kubadilishana kunakufanya umtibu mzima na kumwacha mgonjwa.

## Hatua ya 7: Acha siku 14 za kumjua kila mnyama

Zima tahadhari zote za mnyama mmoja mmoja kwa wiki mbili. Siku mbili tatu za mwanzo hazihesabiki, kwa kuwa mnyama anajikuna, anatikisa kichwa, anazoea.

Katika siku hizo unatafuta kawaida ya kila ng'ombe kwa kila saa ya siku, si wastani mmoja wa siku nzima. Joto la mwili lina mawimbi yake: huwa chini alfajiri na hupanda hadi jioni. Zaidi ya hapo, kilele cha mwili huchelewa kwa saa kadhaa baada ya kilele cha hewa. Hewa inaweza kufikia ukali wake saa 14:00, na ng'ombe akafikia ukali wake saa 18:00 au baadaye, wakati wewe umeshaona jioni imepoa na umezima feni.

Kwa hiyo swali la kila siku ni hili: ng'ombe huyu, saa hii, ana tofauti gani na yeye mwenyewe saa hiihii katika siku za kawaida? Ng'ombe A mwenye 39.6 ya bolasi saa 19:00 anaweza kuwa sawa kabisa, na ng'ombe B mwenye 39.6 saa 05:00 akawa na shida.

Kama siku hizo 14 zote zilikuwa za joto kali, kawaida uliyopata ni ya mnyama anayeteseka. Ichukue kwa muda, na uirudie msimu ukipoa.

## Hatua ya 8: Hakiki kwa pumzi na kipimajoto

Hapa ndipo mfumo unapata haki ya kuaminiwa. Chagua siku tatu zenye joto. Kila siku, saa 06:00, 14:00 na 19:00, pima ng'ombe wote waliovaa.

Anza na pumzi kabla ya kumgusa mnyama, kwa sababu kumshika kunaziongeza. Simama pembeni yake mita mbili au tatu, tazama ubavu pale nyuma ya mbavu ya mwisho, panapopanda na kushuka. Hesabu pumzi kumi kamili na upime zimechukua sekunde ngapi. Gawanya 600 kwa sekunde hizo. Pumzi kumi kwa sekunde 15 ni 40 kwa dakika, kwa sekunde 10 ni 60, kwa sekunde 5 ni 120.

Zikizidi 60, joto limeanza kumlemea. Zikizidi 80, amelemewa. Kwenye 120, au mdomo ukiwa wazi na udenda ukimwagika kwa nyuzi ndefu, ni dharura hata kama programu inaonyesha kijani.

Kisha pima joto. Paka mafuta kwenye kipimajoto, kiingize sentimita 7 hadi 10 na ukielekeze kwenye ukuta wa utumbo. Kikizama katikati ya kinyesi au penye hewa kitasoma chini. Ng'ombe mzima kwa kawaida yuko kati ya 38.0 na 39.2.

Linganisha na kifaa kwa dakika hizohizo. Kwa bolasi, tofauti iwe thabiti, karibu nusu nyuzi juu. Tofauti inayorukaruka ina sababu mbili za kawaida: alikuwa ametoka kunywa maji, au saa hazijalingana. Kwa kola, tazama kama saa ulizoandika kwamba anatweta ndizo ilizoonyesha kucheua kumepungua. Kuna kola ambazo huhesabu kichwa kinachotikisika kwa kutweta kama kucheua. Ukiona ng'ombe ana pumzi 90 na programu inasema anacheua kwa raha, umekutana nayo, na usitumie kucheua kwa saa za mchana kwenye kundi lako. Tumia jumla ya usiku.

## Hatua ya 9: Weka tahadhari chache, kila moja na kazi yake

Viwango hivi ni vya kuanzia. Utavirekebisha kwa daftari lako la hatua ya 8.

Tahadhari ya banda: THI imefika 68 (au 72, kulingana na kundi) na inaendelea kupanda. Kazi: feni ziwashwe, birika zikaguliwe, wanyama wasiswagwe.

Tahadhari ya mnyama: bolasi imezidi kawaida ya saa hiyo kwa nyuzi 0.8 kwa saa nzima mfululizo, au kucheua kwa saa 24 kumeshuka kwa asilimia 20 chini ya wastani wake wa siku 7. Kazi: mtu aende akahesabu pumzi ndani ya dakika 15.

Tahadhari ya alfajiri: saa 05:00 bado hajarudi kwenye kawaida yake. Hii ndiyo ningekuomba usiifute hata ukifuta nyingine zote. Ng'ombe hutoa usiku joto aliloweka mchana. Akipata saa 3 hadi 6 za hewa iliyo chini ya nyuzi 21, hasara ya maziwa hupungua sana. Asipozipata, anaanza siku mpya na deni, na siku ya tatu ya deni ndiyo inayoangusha.

Usitumie kipimo kimoja kuwasha tahadhari. Masharti ya "saa nzima mfululizo" yanaondoa kelele nyingi. Na mwambie msimamizi wa mfumo apuuze mporomoko wa ghafla wa bolasi unaozidi nyuzi moja, hadi usomaji urudi, kwa kuwa hayo ni maji.

Umefaulu kama kundi la vifaa 8 linakupa tahadhari za mnyama mbili au tatu kwa siku ya joto, na ukienda bandani unakuta nyingi ni za kweli. Zikiwa ishirini, pandisha kiwango. Zikiwa sifuri huku ng'ombe wanatweta, kishushe.

### Ni joto, ni homa, au anataka dume?

Tazama wengine kwanza. Wakipanda watatu au wanne pamoja, mchana, ni hali ya hewa. Akipanda mmoja peke yake, hasa alfajiri penye ubaridi, fikiria homa na mwite daktari. Mwendo ukipanda sana pamoja na joto kidogo, kwa saa chache tu, huenda anataka dume. Joto likishuka kidogo kwa mwenye mimba kubwa, kuzaa kumekaribia.

Kwa kuwa tunasema "yuko kwenye joto" kwa mambo mawili tofauti kabisa, daftari litumie "msongo" kwa hali ya hewa na "anataka dume" kwa hilo lingine. Kuchanganya hapo kumewahi kumpeleka mpandishaji kwa ng'ombe aliyehitaji maji.

## Hatua ya 10: Mpooze, na uthibitishe amepoa

Loweka ngozi kwa matone makubwa kwa dakika 1 hadi 3, simamisha maji, puliza feni kwa dakika 10 hivi, rudia. Kinachopooza ni maji kukauka yakiondoka na joto la ngozi. Manyoya yaliyolowa juujuu bila upepo huzuia joto, na ukungu mwembamba kwenye banda lililofungwa huongeza unyevunyevu tu. Maji yasitiririke hadi kwenye kiwele kabla ya kukamua, maana hubeba uchafu hadi kwenye chuchu.

Kivuli kiwe mita za mraba 3.5 hadi 5 kwa ng'ombe mmoja, paa lisipungue mita 3.5 kwenda juu. Maji ya kunywa yawe karibu, maana ng'ombe wa maziwa anaweza kuhitaji zaidi ya lita 100 kwa siku ya joto, na asiyefikia birika kwa kusukumwa na wenzake hatakuambia. Sehemu kubwa ya chakula ipelekwe jioni na usiku.

Sasa angalizo ambalo limewapoteza wengi: usitumie bolasi kuthibitisha kwamba amepoa. Umempa maji, amekunywa lita ishirini, grafu imeporomoka, lakini mwili bado unawaka. Rudi uhesabu pumzi baada ya dakika 30. Zikiwa chini ya 60, mwache apumzike. Kama bado zinazidi 100, au kipimajoto kinasoma zaidi ya 40.5, endelea kupooza na daktari awe njiani.

Kula hupungua na maziwa hushuka siku moja hadi tatu baada ya joto lenyewe. Ukiona maziwa yamepungua leo, fungua grafu za juzi na jana.

## Mbuzi, kondoo na nguruwe

Kanuni za siku 14 na za pumzi ni zilezile, ila namba za pumzi za ng'ombe usizihamishie kwao. Tafuta kawaida ya kundi lako asubuhi yenye ubaridi. Joto lao la kawaida liko juu kidogo, takriban 38.5 hadi 39.5. Bolasi ya ng'ombe isimezeshwe mbuzi wala kondoo hata awe mkubwa kiasi gani. Kwa kondoo wa sufi, inua kola kila wiki na utazame ngozi, kwa kuwa sufi huficha kidonda hadi kioze. Nguruwe hutafuna anachovaa mwenzake, kwa hiyo kihisi cha hewa cha bandani na hesabu ya pumzi vitakufaa kuliko kola.

## Ratiba ya matunzo

Kila siku, angalia ni kifaa gani hakikutuma. Kila wiki, pitisha kiganja chini ya kila kola na ufute kinyesi kilichoganda kwenye kihisi. Kila mwezi, rudia kipimo cha pumzi na kipimajoto kwa wanyama watatu, na ukague kama namba za kwenye picha bado ndizo zilizo shingoni. Kabla ya msimu wa joto, rudia jaribio la chumvi kwa kihisi cha hewa, maana vumbi na hewa ya mkojo hukiharibia usomaji taratibu.

Mnyama mwenye bolasi akiuzwa au akichinjwa, mjulishe anayempokea. Bolasi huokotwa tumboni wakati wa kuchinja, na kwa kuwa ina betri ya lithiamu haichomwi motoni wala haitupwi na uchafu wa machinjioni.